Ile "to" ya mwisho wa barua



Kila mara tangazo la kazi linapopita hapa Nyunzu, barua zinaanza kuja kwangu. Zingine zinakuja kwenye simu, zingine kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. "Yaya, uniangalilie kidogo hii anglé yangu." Ninaangalia. Watu wenyewe hawafanani: mmoja ni muuguzi, mwingine amesoma kilimo, mwingine amemaliza sheria kule Kalemie na anatafuta hata nafasi ya kuhesabu magunia kwenye depo. Lakini mstari wa mwisho unafanana karibu kwenye barua zote:

"I look forward to hear from you."

Sentensi hii ina kosa. Kosa lenyewe ni dogo, herufi tatu tu ndizo zinakosekana. Inatakiwa iwe: "I look forward to hearing from you." Leo nataka tuitazame pole pole, kwa sababu karibu sisi wote tunaiandika na wachache wetu wanajua kwa nini iko vile. Mimi pia sikujua. Na kutojua kwangu kulimgusa mtu mwingine, kwa hiyo nianze na ile habari.

Kuna mudogo wangu mmoja wa mtaani, muuguzi. Alikuwa ameishi miaka mitatu kwa shangazi yake Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kule alisoma sehemu ya sekondari yake. Mnajua kwamba Tanzania masomo ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, hata hesabu, hata biolojia. Siku moja aliniletea barua ya kuomba kazi katika shirika moja la afya. Mimi niko na graduwa ya pedagojia, upande wa Kiingereza. Mtaani watu wanalijua jambo hilo, na mimi pia nilikuwa ninalijua sana, pengine kupita kiasi.

Barua ilikuwa nzuri. Nilisahihisha koma mbili na jina moja la mahali. Nikafika mstari wa mwisho, nikaona "hearing". Nikachukua biki nyekundu, nikakata ile "-ing".

Akasema: "Yaya, kule Kigoma mwalimu alitufundisha vile, na -ing."

Nikajibu: "Kigoma ni Kigoma. Nyuma ya 'to' inakuyaka infinitivu. To go, to eat, to hear. Ni kanuni."

Hakubishana. Alirudi nyumbani, akaiandika upya, akaituma.

Hawakumwita. Sisemi ni juu ya zile herufi tatu. Nafasi moja inaombwa na watu wengi, na sababu za kutoitwa ni nyingi. Lakini miezi michache baadaye rafiki yetu mmoja alipata kazi mahali pengine, akanionyesha kwa furaha ujumbe wa ofisi ile. Mstari wa mwisho ulisema: "We look forward to working with you." Nilisoma mara ya kwanza nikafikiri wamekosea. Nikasoma mara ya pili. Halafu nikanunua mega, nikafungua kamusi ya Oxford na ile ya Cambridge kwenye simu. Zote mbili zinasema jambo moja: "look forward to", kisha jina, au kitenzi chenye "-ing". Hapakuwa na nafasi ya kubishana.

Nilimkuta mudogo wangu kwao anatwanga sombe. Nikamwambia: "Ulikuwa na haki. Ni mimi nilikosa." Akaweka mchi chini, akacheka kidogo, akasema:

"Mi nilijua, yaya. Lakini ni weye njo ulisoma."

Neno lile halijatoka ndani yangu. Yeye alikuwa na jibu la kweli, mimi nilikuwa na dipolome, na kati ya vile viwili dipolome ilishinda. Ndiyo maana sitaki leo niwape kanuni tu ya kukariri. Nilikuwa na kanuni siku ile, na ni kanuni hiyo iliyonidanganya. Tutafute sababu.

Tuanze na kosa: linatoka wapi? Wengi wanafikiri linatoka kwenye Kiswahili chetu, au kwa sababu shule zetu ziko mbali. Hapana. Kosa hili linatoka kwenye Kifaransa. Tazameni. Mfaransa anasema "sans parler", "avant de partir", "merci d'être venu". Nyuma ya preposisio, kitenzi chake kinabaki kwenye infinitivu: parler, partir, être. Sisi tumefundishwa kwa Kifaransa miaka na miaka, mpaka tunaona ni sheria ya dunia nzima. Lakini Mwingereza hafanyi vile. Yeye anasema "without speaking", "before leaving", "thank you for coming". Kwake, kitenzi kikifuata preposisio, kinavaa "-ing". Kwa hiyo mtu wa hapa akiandika "I have experience to work with children", au "I am able of managing a team", Kiingereza chake hakikosi maneno. Maneno yote ni ya Kiingereza, lakini mifupa ni ya Kifaransa. Ya kwanza inatakiwa "experience in working", ya pili "able to manage" au "capable of managing".

Hapa ndipo mtego wa "to" ulipo. Neno hili dogo lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutangulia infinitivu: "I want to work", "I hope to learn". Kazi ya pili ni preposisio ya kawaida, sawa na "à" ya Kifaransa, au "kwa" na "mpaka" vyetu: "I go to Kalemie", "I wrote to the director". Sauti ni moja, herufi ni zile zile, lakini kazi si moja. Mimi nilijua "to" moja tu, na kila mahali nilipoiona nikadhani ni ile ile. Ni kama mtu anayemjua mmoja wa mapacha, kisha anamsalimia yule mwingine njiani na kumdai deni la ndugu yake.

Sasa, namna gani ya kujua ni "to" ipi? Kuna kipimo kimoja rahisi, na tangu nilipokipata sijakiacha. Toa kitenzi, weka jina. Sentensi ikisimama, mara nyingi "to" ile ni preposisio, na kitenzi kinataka "-ing". Sentensi ikianguka, "to" ile ni ya infinitivu, na kitenzi kinabaki kitupu.

Tujaribu na vitu vya hapa kwetu. Njia ya reli kati ya Kabalo na Kalemie inapita Nyunzu, kwa hiyo tuchukue treni. "I look forward to the train." Inasimama vizuri: ninaingoja treni kwa hamu. Tuchukue maembe: "I look forward to the mangoes." Inasimama. Tuchukue mvua, mwezi wa tisa udongo ukiwa umekauka: "I look forward to the rain." Inasimama. Basi, "to" hii ni preposisio. Kwa hiyo: "I look forward to hearing", "to meeting", "to working".

Sasa tujaribu "hope". "I hope to the train." Inaanguka. Hakuna anayesema vile. Basi "to" ya "hope" ni ya infinitivu, na unaandika "I hope to hear from you", bila "-ing". Vivyo hivyo "I want to the mangoes" inaanguka, kwa hiyo "I want to eat". Kipimo kimefanya kazi pande zote mbili, na hukuhitaji kukariri orodha.

Mtu mmoja aliniuliza swali zuri kuhusu hii "-ing": "Lakini yaya, -ing si ni ya kitu kinachofanyika sasa? I am eating, ninakula sasa hivi. Barua yenyewe bado hawajaisoma, namna gani niseme hearing?" Ni swali la haki, kwa sababu shuleni ndivyo tulivyokutana na "-ing" mara ya kwanza. Lakini "-ing" nayo ina kazi mbili. Katika "I am eating" inaonyesha kitendo kinachoendelea. Katika "Eating is good" imegeuza kitendo kuwa jina la kitu. Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kifaransa, ingawa hatukiulizi. Sisi tunasema: "Kusoma kwako kunanifurahisha." Tazama pale: "kusoma" limekuwa jina. Lina "kwako", lina "ku-" kwenye kitenzi kinachofuata, linapatana kama jina lolote lingine. Ile "kusoma" ndiyo "reading" ya Mwingereza. Tofauti ni kwamba sisi tuna nguo moja kwa kazi mbili. "Nataka kusoma" na "asante kwa kusoma", ni "kusoma" ile ile. Mwingereza anagawa: "I want to read", lakini "thank you for reading". Kwa hiyo ukitafsiri "natazamia kwa furaha kusikia kutoka kwenu", jiulize "kusikia" hapo ni nini. Ni kile kitu unachokingoja, kama maembe, kama treni. Ni jina. Basi "hearing".

Mtu anaweza kusema: yote haya kwa ajili ya mstari mmoja wa heshima? Hapana, kwa sababu mstari huu una ndugu, na ndugu mmoja ana hatari. Wengi wetu tunaandika kwenye barua kwamba tumezoea kazi ngumu, tumezoea kufanya kazi na watu waliohama vijiji vyao. Tunaandika: "I used to work with displaced people." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Shida ni kwamba inasema jambo lingine: zamani nilikuwa ninafanya kazi na waliohama, siku hizi tena hapana. Ulitaka kusema umezoea, nayo inatakiwa: "I am used to working with displaced people." Pima na jina: "I am used to the heat" inasimama, nimezoea joto. Basi "-ing". Mtu ambaye miaka yote tangu watu walipoanza kukimbia vijiji hapa Tanganyika amekuwa akipima watoto na kugawa dawa, kwa kalamu yake mwenyewe anajiandika kuwa ni mtu wa zamani. Anayesoma barua hatamuuliza. Atageuza ukurasa.

Wengine wa ukoo ule ule: "I am committed to serving", "I am dedicated to helping", "in addition to speaking Swahili and Kiluba". Pima kila mmoja na jina, utaona zote zinasimama.

Sasa tuongee juu ya maana, maana watu wanaandika "look forward" bila kuijua. Neno kwa neno inaonekana kama "ninaangalia mbele", na nimesoma barua imeandikwa "I look in front to your answer". Maana yake ya kweli ni kungojea kitu kwa furaha. Furaha ile ni sehemu ya neno. Kwa hiyo huwezi kuitumia kwa kilio wala kwa kesi. Ukiandikia ofisi kulalamika kwamba mshahara haujafika miezi mitatu, usimalize kwa "I look forward to hearing from you" kama mtu anayengoja sikukuu, isipokuwa unataka kuwa mpole makusudi. Na usikimbilie "I expect to hear from you" ukidhani ni mamoja. "Expect" katika barua ya namna hii inasikika kama amri: ninadai jibu. Mkubwa anaweza kumwandikia hivyo mfanyakazi wake. Mwenye kuomba kazi, hapana.

Hata "from" ina uzito wake. "Hearing from you" ni kupata habari zako, kwa barua au kwa simu. "Hearing you" ni kusikia sauti yako kwa masikio. "Hearing about you" ni kusikia watu wengine wakikusema. Mtu akiruka "from", ameandika kwamba anangoja kwa hamu kusikia sauti ya direkta wa shirika. Pengine ni kweli, lakini si hivyo alivyotaka kusema.

Hapa nifike kwenye lawama yangu kubwa, nayo si juu ya "-ing". Ni juu ya namna barua zetu zinavyozaliwa. Mtu mmoja aliandika barua yake, akapata kazi. Barua ile ikapita kwenye simu za watu. Anayechapisha kwenye kompyuta akaiweka ndani ya mashine yake, na sasa unalipa, anabadilisha jina, tarehe na nafasi unayoomba, basi. Kosa lililokuwa ndani likawa urithi wa wote. Nimewahi kusoma barua ya fundi wa maji yenye sentensi ya kupenda watoto wa shule, kwa sababu barua mama ilikuwa ya mwalimu. Na wale wanaoandika wenyewe wanachukua adabu ya Kifaransa na kuivisha maneno ya Kiingereza: "Please accept the expression of my distinguished feelings." Kwa Kifaransa ni desturi, hakuna anayecheka. Kwa Kiingereza mtu amepeleka hisia zake kwa ofisi ya watumishi. Mwingine anaandika "I am waiting for your favourable suite", kutoka "suite favorable". Kwa Kiingereza "suite" ni vyumba vya kifahari vya hoteli. Amemwambia mwenye kuajiri kwamba anangoja chumba kizuri.

Ninacheka na nyinyi, lakini mimi niliandika vile pia, na niliwafundisha wengine kuandika vile.

Najua jibu ambalo wengine mko nalo tayari: "Banaelewa tu." Ni kweli, wanaelewa. Mtu akiandika "to hear from you", hakuna atakayekosa maana, na watu wa nchi nyingi wanaandika kosa hili hili. Nina jambo lingine hata zito zaidi la kuwatetea ndugu zetu. Muuguzi wa Nyunzu atafanya kazi yake kwa Kiswahili na Kiluba. Mama mwenye mtoto mgonjwa hatamwambia neno moja la Kiingereza. Kumchuja mtu yule kwa herufi tatu ni kuchuja mchele kwa rangi ya gunia. Kama kuna kati yenu wanaokaa kwenye meza za kuchagua, naomba mlikumbuke hili. Kosa la "-ing" halisemi kama mtu anajua kuchoma sindano.

Lakini sisi tulio upande wa kuomba hatuwezi kungoja meza zile zibadilike. Tangu 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Arusha, kwenye makao yake makuu, Kiingereza ndicho kimezoeleka kwenye karatasi. Majirani zetu wa Kigoma watakuja na barua zao, na zao zina "hearing". Halafu mstari huu ni wa desturi, kila anayeajiri ameusoma mara elfu. Kosa ndani ya sentensi uliyoibuni mwenyewe linaonyesha mtu anayejaribu. Kosa ndani ya sentensi ya desturi linaonyesha mtu aliyekopi bila kusoma. Na uko palepale juu ya jina lako, kabla ya sinyatire. Ndilo jambo la mwisho anabaki nalo.

Kwa hiyo, kwa ufupi, mambo ya kufanya. Barua ya kazi, andika "I look forward to hearing from you." kwa sentensi kamili, na nukta mwisho. "I am looking forward" pia ni sahihi, ila ni ya mazoea zaidi, inafaa kwa mtu mnayejuana. Kama bado unaogopa "-ing", tumia jina: "I look forward to your reply." Ni sahihi kabisa na hakuna mtego ndani. Usiandike "look forward for", wala "look forward hearing" bila "to". Chini yake, kama ulianza na "Dear Sir or Madam" bila jina, maliza na "Yours faithfully". Kama ulianza na jina la mtu, maliza na "Yours sincerely". Inatosha. Hisia zako za heshima ubaki nazo nyumbani.

Na kwa sisi tunaosahihisha barua za wengine, nina neno moja. Mudogo akikuambia "nilifundishwa vile", usimjibu na dipolome. Mwulize: alikufundisha nani, na alisema ni kwa nini? Kama yeye hana sababu na wewe huna sababu, wekeni biki chini wote wawili, mfungue kamusi. Heshima yetu ya kwetu, kwamba mdogo habishani na mkubwa, ni kitu kizuri na sitaki tuitupe. Lakini inaweka mzigo juu ya mkubwa: kwa kuwa hatabishiwa, ni lazima yeye mwenyewe ajibishie.

Mudogo wangu ameandika barua nyingine, ya nafasi nyingine. Safari hii alikaa nayo mwenyewe mpaka mwisho, mimi nilisoma tu. Aliandika pia "I am used to working at night", na nilipima na jina kimya kimya kabla ya kufungua mdomo. Ilikuwa sawa. Nilimrudishia karatasi bila alama hata moja.

Andiko hili pia, kabla ya kulituma hapa, nilimpa yeye alisome. Alirudisha na masahihisho mawili. Yote mawili alikuwa na haki.